Slaidi ya Tromboni Nyingine: Mwongozo kwa Wapigaji wa Besi wa Bagamoyo

Tromboni ya besi ikifia pwani hii, mara nyingi hufia sehemu moja kati ya mbili. Ama slaidi imepinda kwa kugongwa na bodi ya pikapu wakati wa kumsindikiza bibi harusi kutoka Mapinga, ama vali imekwama kwa chumvi baada ya chombo kukaa miezi bila kupulizwa. Beli, ule mdomo mpana wa mbele, hupata mibonyeo na kupoteza rangi lakini huendelea kulia. Kwa hiyo kikundi chenye tromboni mbili mbovu huenda kina tromboni moja nzima bila kujua: beli na vali za hii, slaidi ya ile.

Mwongozo huu ni wako unayetaka kuziunganisha, uwe kiongozi wa matarumbeta ya harusi, mwalimu wa bendi ya kanisa au mwanafunzi wa muziki pale chuo cha sanaa cha TaSUBa. Naweka msimamo wangu mapema: slaidi kuingia kwenye beli na nati kukaza si ushahidi kwamba inafaa. Yapo maswali matatu, na yaulizwe kwa zamu. Je, kiungo kinakaa sawasawa? Je, hewa haivuji? Je, noti zote zinapatikana mahali mkono unapozitarajia, hadi mwisho wa slaidi? Wengi huishia swali la kwanza, wakapiga harusi kadhaa, kisha lawama zote zikamwangukia mpigaji.

Chombo chako ni cha ukoo gani

Vyombo vya bendi viliingia pwani hii kwa milango mingi, na kila mlango ulileta vipimo vyake. Wajerumani walikuja na bendi zao za kijeshi. Beni, zile ngoma za mashindano zilizoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika, zikiwemo za Marini na Arinoti, ziliiga gwaride na vyombo vya bendi za Kizungu. Mwanahistoria Terence Ranger aliziandikia kitabu kizima mwaka 1975. Waingereza nao walikuwa na desturi yao: hadi katikati ya karne ya 20 bendi zao zilipiga besi kwa tromboni ya G, nyembamba ya tumbo na ndefu kuliko ya B-flati. Slaidi yake ni ndefu kiasi kwamba mkono haufiki mwisho, ndipo ikafungwa mpini wa bawaba wa kuisukumia. Ukikuta tromboni yenye mpini huo katika stoo yoyote, usiivunje kutafuta vipuri. Slaidi yake haitakufaa kwenye tromboni ya B-flati, na yenyewe ikiwa kamili ina thamani kuliko vipande vyake.

Makanisa yalikuwa na mlango wao. Wamoravian, waliofika kusini magharibi mwa Tanganyika mwaka 1891, wana utamaduni wa kwaya za tromboni tangu karne ya 18. Walutheri nao wana kwaya za namna hiyo, na sharika nyingi za KKKT hadi leo hupokea vyombo vilivyotumika kutoka kwa sharika rafiki za Ujerumani. Vyombo hivyo huwa vizuri, lakini tromboni nyingi za Kijerumani zenye vali moja ya kidole gumba, mtindo alioubuni Christian Friedrich Sattler wa Leipzig mwaka 1839, zinatengenezwa kwa vipimo ambavyo havilingani na vya Kimarekani wala vya Kijapani. Halafu kuna vyombo vipya vya bei nafuu kutoka China na India. Mji wa Meerut una mtaa maarufu, Jali Kothi, ambao kazi yake ni vyombo vya bendi za harusi za huko. Chombo cha namna hiyo mara nyingine ni nakala ya kipimo cha kampuni kubwa, na mara nyingine ni nakala ya nakala.

Kwa hiyo jina lililochorwa kwenye beli ni dokezo tu. Hata kampuni ikiwa moja, chombo cha mwaka 1960 na cha mwaka 2000 vinaweza kukataana kwenye nati. Conn wa zamani na Bach ni mfano unaojulikana sana: zote za Marekani, zote za besi, kipenyo cha ndani kilekile, ila viungo vyake havikutengenezwa kuoana.

Vipimo vinne vya kuandika kwenye daftari

Tafuta venia ya fundi chuma, si rula ya shule. Toa slaidi ya nje, futa mirija ya ndani, kisha pima kipenyo cha ndani cha kila mrija kwenye ncha yake ya chini. Besi ya kawaida ya leo itakupa milimita 14.3 hivi, ndicho kipimo cha Bach 50, cha Conn 62H na 70H, na cha besi za Yamaha. Ukipata 13.9, mkononi una slaidi ya tromboni ya tena (tenor) kubwa, ya jamii ya Bach 42 au Conn 88H. Ukipata 12.7, hiyo ni tena ya mwanafunzi, na hapo acha kabisa wazo la kuifunga kwenye beli ya besi. Ikitokea mrija wa juu ni 14.3 na wa chini ni karibu 14.7, usidhani umelika. Zipo slaidi zilizotengenezwa makusudi kwa vipenyo viwili, na kampuni kama Edwards na Shires, zinazouza tromboni kwa vipande vya kuchagua, hutoa za aina hiyo.

Tofauti ya 14.3 na 13.9 haifiki hata nusu milimita, lakini mdomo huihisi. Slaidi ya tena kubwa kwenye beli ya besi hulia, na wapigaji wengine huipenda kwa sababu sauti huwa kali na hutoboa kelele za barabarani. Kinachopotea ni unene wa noti za chini, zile zilizofanya ukaitwa mpigaji wa besi. Kinyume chake, slaidi pana kumwaga hewa kwenye shingo nyembamba ya beli, ni kibaya zaidi: hewa hujikwaa kwenye ukingo na noti za kati hutetema. Ukilazimika kuchagua, hewa itoke kwenye wembamba iingie kwenye upana.

Kipimo cha pili ni safari ya slaidi. Funga slaidi, weka alama ya penseli kwenye mrija wa ndani pale slaidi ya nje inapoishia, kisha vuta mpaka sehemu nene ya ncha ya mrija wa ndani, tuiite soksi, ianze kuchungulia. Pima kutoka alama hadi mwanzo wa soksi. Kwa tromboni ya B-flati, kutoka nafasi ya kwanza hadi ya saba ni sentimita 57 hivi. Ukibonyeza vali ya F, ile ya kidole gumba, mrija unakuwa mrefu, nafasi zinaachana, na kupata C ya chini unahitaji sentimita 61 au zaidi. Slaidi yenye safari ya 58 itapiga nyimbo nyingi bila tatizo, ila C hiyo itakunyima. Mpigaji mwenye vali mbili ataipata kwa njia nyingine. Mwenye vali moja hana pa kukimbilia.

Cha tatu ni mauthipisi. Ya besi ina mguu mnene, na ikikaa vizuri huzama ndani ya slaidi sentimita 2 hadi 2.5. Ikizama kidogo tu ikabaki nje, au ikiyumba, mrija wa kwanza wa slaidi hiyo ulitengenezwa kwa mguu wa aina nyingine. Usiigonge iingie. Mauthipisi iliyogongwa hukwama, na nimeona mirija ikinyongwa kwa plaizi na watu waliokuwa na haraka ya kuitoa.

Cha nne hupimwa kwa mkono wa kushoto. Shika chombo kilichounganishwa kama unavyopiga. Kidole gumba kifike kwenye mkono wa vali bila kunyooka kabisa, na kama kuna vali ya pili, kidole cha kati kiifikie. Slaidi ya ukoo mwingine huweza kuwa na kiunganishi chake cha juu sentimita mbili chini kuliko ya awali, na sentimita mbili hizo, baada ya saa mbili juu ya pikapu, ni maumivu ya kifundo.

Kiungo

Hapa ndipo palipo na kazi. Upande wa beli kuna mdomo wenye meno kwa nje, na ndani yake umechongwa ukipungua taratibu kama koni. Upande wa slaidi kuna ncha ya koni inayozama humo, na juu yake nati inayozunguka kwa uhuru. Vitu viwili lazima vioane, koni na meno, na kila kimoja huweza kukataa peke yake. Tromboni za zamani za Ulaya mara nyingine hazina nati kabisa; koni hushikana kwa msuguano tu.

Anza na koni. Rudisha nati nyuma, safisha pande zote mbili kwa kitambaa, kisha chora mistari mitatu minne ya kalamu ya maka kwenye ncha, kutoka juu hadi chini. Izamishe, izungushe robo mduara huku na huku, itoe. Wino ukiwa umefutika kwa urefu wote wa mstari, koni zinaoana. Ukifutika kwenye pete moja tu, juu au chini, pembe zinatofautiana, na slaidi inasimama kwenye ukingo. Itakaza ukitia nati, lakini hewa itapita, na kila mtikiso wa gari utaitafuna pete hiyo.

Halafu nati. Izungushe kwa vidole viwili tu. Ikizunguka mara tatu hivi bila ubishi, meno ni ya aina moja. Ikishika mzunguko mmoja kisha ikagoma, acha hapohapo. Plaizi itaikaza, ndiyo, kwa kuua meno, na meno ya upande wa beli yakifa umepoteza kile kipande kilichokuwa kizima. Tahadhari nyingine: chumvi na vumbi la matumbawe hukaa kwenye meno na kujifanya meno yasiyooana. Loweka nati kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, ukaushe, ujaribu tena kabla ya kuhukumu.

Koni ikiwa na uwazi mdogo na kesho kuna harusi, zungushia ncha tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka moja, lisilofika ukingoni. Itakuvusha siku hiyo. Tepu ikikaa wiki mbili inakuwa mazoea, na mazoea hayo huishia kwenye tabaka nne na beli inayoning'inia upande. Gundi ya supa isikaribie kabisa.

Ya ndani na ya nje zisiachane

Ukiwa na slaidi mbili mbovu, wazo linalokuja haraka ni kuchukua mirija ya ndani ya hii na ya nje ya ile. Liache. Soksi na mrija wa nje vina uwazi wa sehemu ndogo sana ya milimita, na kiwandani huoanishwa jozi kwa jozi. Hata slaidi mbili za modeli moja zikibadilishana mirija ya nje, moja huweza kuwa nzito na nyingine kuvuja. Zaidi ya hayo, umbali kati ya mirija miwili usipolingana hata kidogo, slaidi itateleza vizuri karibu na mwili na kukwama mkono ukinyooka.

Kupima unyoofu, laza mirija ya ndani juu ya kioo cha meza. Inama uangalie mwanga chini yake. Mirija yote miwili iguse kioo kwa urefu wote bila kutikisika. Kisha chukua slaidi ya nje, ingiza mguu mmoja tu kwenye mrija wake na mwingine ubaki hewani, uteleze. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kila upande peke yake ukiteleza vizuri lakini zote mbili pamoja zikakwama, tatizo ni ulinganifu, na fundi mzuri hulirekebisha. Upande mmoja ukikwama peke yake, kuna mbonyeo au mpindo.

Hewa

Tenganisha slaidi na beli, hakikisha vali ndogo ya kutolea maji imefunga, vuta slaidi sentimita 20. Ziba tundu moja kwa kidole gumba na jingine kwa kiganja, kisha jaribu kuvuta zaidi. Slaidi nzima hukataa, na ukiiachia hurudi nyuma kidogo. Ukiondoa kidole husikika mpasuko mdogo wa hewa. Slaidi inayovuta bila upinzani inavuja kwenye soksi au kwenye kizibo cha vali ya maji. Kizibo kilicholika kinakatwa upya kwa wembe kutoka kizibo cha chupa ya mvinyo. Si lazima uagize Ulaya.

Sasa unganisha na beli na upulize noti za chini polepole, ukiongeza nguvu. Mvujo wa kiungo hujionyesha chini kwanza. Noti za juu zinaweza kukudanganya kwa muda mrefu.

Kutuni

Pakua programu yoyote ya kupimia sauti kwenye simu. Usipime alfajiri peke yake. Mchana wa Februari hewa ya Bagamoyo ni moto, na joto hupandisha sauti ya vyombo vya kupuliza, kwa hiyo pima wakati chombo kimekwisha kupashwa kwa dakika kumi za kupuliza, saa ile ambayo kwa kawaida unapiga.

Piga B-flati nafasi ya kwanza. Mrija wa kutuni ukiwa umetoka sentimita moja au mbili, sindano ikakaa katikati, mambo ni mazuri. Slaidi mpya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, utajikuta unausukuma mrija hadi ndani kabisa na bado sauti iko chini. Kumbuka hesabu: kusogeza mrija wa kutuni sentimita moja kunabadilisha urefu wa chombo kwa sentimita mbili, na hilo kwa chombo cha mita 2.75 ni karibu sehemu moja ya nane ya nusu-toni. Ukikosa sentimita mbili za kusukuma, umeshuka robo ya nusu-toni, na hakuna mdomo utakaoibeba hiyo wimbo mzima.

Tatizo kinyume chake linawangoja wenye vyombo vya Kiingereza vya kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Bendi za Uingereza zilituni juu, A ikiwa 452.5 badala ya 440, karibu nusu ya nusu-toni. Tromboni iliyotengenezwa hivyo ni fupi, na sehemu ya ufupi huweza kuwa kwenye slaidi. Ukiifunga slaidi hiyo kwenye beli ya kisasa utalazimika kuvuta mrija wa kutuni mbali, pengine sentimita tatu au nne, ukabaki umeshikilia kwa ncha tu na kuyumba. Ukiona hivyo, acha kumsumbua mpigaji wako.

Baada ya hapo linganisha noti moja kwa njia mbili. Piga F nafasi ya sita bila vali, kisha F ileile kwa vali katika nafasi ya kwanza. Zikipishana, rekebisha mrija mdogo wa vali, siyo ule mkubwa. Shuka kwa vali nafasi moja moja hadi C ya chini. Nafasi bila vali zinaachana sentimita nane hivi mwanzoni. Kwa vali ni karibu 11. Mkono uliozoea slaidi ya zamani utakosea kwa siku kadhaa, na hilo ni jambo la mazoezi tu. Kinachokuhusu leo ni kama noti ipo au imekwisha ncha ya slaidi.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo walimu wa bendi za makanisa hawatalipenda. Kwa matarumbeta ya barabarani, kutoka kanisani hadi ukumbini, tromboni ya besi iliyo na slaidi ya tena kubwa, yenye C isiyopatikana na noti za chini nyembamba, ni bora kuliko pikapu isiyo na besi. Watu wanacheza, ngoma inafunika, na besi inatakiwa kusukuma pigo. Kwa ibada ni kesi nyingine. Nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana zikipigwa sauti nne, besi ndiyo inayobeba nyingine zote, na ikiwa chini kidogo kila mtu juu yake anasikika ana kosa. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na slaidi mbili kwa beli moja, ya Jumamosi na ya Jumapili, mradi zote zimepimwa.

Kuhamisha ncha

Ikiwa slaidi unayoitaka ni nzuri lakini ncha yake inaikataa beli yako, unayo dawa na labda hujaiona. Ile slaidi iliyopinda, uliyotaka kuitupa, ndiyo iliyozaliwa na beli hiyo. Ncha yake na nati yake vinaoana na beli kikamilifu. Kazi ni kuvitoa huko na kuvitia kwenye slaidi nzima.

Ncha imeshikwa kwa lehemu laini, ile ya risasi na bati, haikuchomelewa. Anayejua kuitoa bila kuchoma vingine ni fundi wa vyombo vya bendi, na Dar es Salaam watu hao hupatikana kwa kuulizia karibu na bendi za Polisi, Magereza na Jeshi, hasa waliostaafu. Ukikosa, fundi wa redieta si chaguo la kudharau. Kazi yake ya kila siku ni shaba na lehemu, na mkono wake unajua moto mdogo. Lakini mweleze mambo matatu kabla hajawasha: pete za koki zilizo chini ya ncha zitolewe kwanza, mrija wa ndani umepakwa kromu na haupaswi kubadilika rangi, na lehemu ifanye kazi ya kushika tu, isijaze uwazi. Kama mrija na ncha havilingani kipenyo, kinatakiwa kipete chembamba cha shaba katikati, na hicho kinakerezwa kwenye mashine. Mafundi wa kukereza wa Gerezani watakitengeneza ukiwapelekea vipande vyote viwili mkononi. Usiwapelekee vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi peke yake, hata kama umevipima kwa venia.

Kabla ya kulehemu, piga mstari wa penseli unaoonyesha slaidi ilivyokaa kwa pembe na beli. Na patana bei kazi ikiwa mezani, slaidi zote mbili zikionekana. Fundi anayetaja bei kwa simu hajajua anachokwenda kukutana nacho.

Ncha ikishahamishwa, rudia jaribio la wino na la hewa kama vile hujawahi kuyafanya.

Chumvi

Kila kilichoelezwa hapo juu huharibika haraka zaidi Bagamoyo kuliko Dodoma. Upepo wa kaskazi huleta unyevu wa bahari hadi ndani ya nyumba, na chumvi huingia kwenye nati, kwenye vali, chini ya kromu iliyochubuka. Ndani ya mirija, mate na unyevu hula zinki ya shaba ya njano na kuacha madoa ya waridi. Ukiyaona kwenye mrija wa kwanza au kwenye kona ya chini ya slaidi, mrija huo umeanza kuoza kutoka ndani, na slaidi hiyo usiilipie bei ya slaidi nzima.

Baada ya kupiga karibu na ufukwe, suuza slaidi kwa maji ya bomba, si ya kisima cha chumvi, uikaushe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ya mti laini. Mara moja kwa mwezi tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Majivu, mchanga na steelwaya ni kwa masufuria. Kulainisha, paka krimu kidogo sana kwenye soksi tu, kisha nyunyizia maji kwa chupa ya saluni; wapigaji wa Marekani walitumia Pond's Cold Cream kwa miaka mingi kabla krimu maalumu hazijaenea, na Pond's inapatikana kirahisi. Mafuta ya nazi na Vaselini hushika mchanga na kuugeuza msasa. Kwa vali, mafuta mepesi ya cherehani yatakuokoa kwa muda.

Unapoomba slaidi kutoka nje

Sharika rafiki na ndugu walioko Ulaya huuliza swali moja: mnataka modeli gani? Usiwajibu jina peke yake. Watumie picha ya mdomo wa beli yako ukiwa kando ya rula, picha nyingine ya ncha na nati ya slaidi ya zamani, kipenyo cha nje cha ncha juu na chini kwa milimita, urefu wa ncha, kipenyo cha mdomo wa beli juu ya meno, na idadi ya meno ndani ya sentimita moja. Ongeza kipenyo cha ndani cha mrija na safari ya slaidi. Waambie wampelekee fundi wa vyombo wa kwao orodha hiyo kabla ya kulipa nauli ya mzigo. Kama wanayo tromboni nzima iliyokaa tu, waombe ije nzima. Beli, vali na slaidi zilizokua pamoja hukuondolea robo tatu ya mwongozo huu.

Ikifika, chora namba ndogo kwa sindano mahali pasipoonekana, kwenye mirija ya ndani, ya nje na kwenye shingo ya beli, namba moja kwa jozi moja, na uiandike kwenye daftari la kikundi pamoja na vipimo. Safarini slaidi ifungwe kufuli yake, ikae kwenye sanduku lake kati ya miguu ya mpigaji, na jenereta na spika ziwe upande mwingine wa pikapu.